Nikianza leo, nitamaliza kusikiliza muziki wangu nikiwa na miaka 73

Shangazi, shikamoo.

Mie ni mwanamme wa miaka 48, mkaazi wa Mkunazini hapa Unguja, nafanya kazi bandarini. Nina mke na watoto wanne, na mkubwa wao, wa kike, anaolewa Mfunguo Mosi inshallah. Tatizo langu kila ninayemwambia hucheka, ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe.

Nina muziki mwingi mno. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa redio kaseti. Penye taarab alikwenda nayo, akaiweka karibu na wapigaji, akabonyeza. Alipofariki niliachiwa masanduku ya kaseti: nyengine za dukani, za Mombasa, za Kihindi na za Misri, nyengine alizorekodi mwenyewe, na santuri chache ambazo hata mashine ya kuzipigia hatuna. Nami nikaongeza. Zilipokuja CD nikanunua CD. Ikaja flashi, nikawa kila mwisho wa mwezi napita Darajani kwa kijana mmoja wa duka la simu ananijazia. Halafu binamu yangu alipokuja kutoka Muscat akaniachia diski ya terabaiti moja, imejaa mpaka juu: Umm Kulthum, Abdel Wahab, Farid al-Atrash, nyimbo za filamu za Kihindi tangu enzi za Rafi na Lata, na mengine hata lugha yake siijui.

Nikafanya kosa la kupiga hesabu. Yule kijana wa Darajani aliniambia dakika moja ya MP3 ya kawaida hula kama megabaiti moja. Kwa hiyo diski ile peke yake ni dakika milioni moja, sawa na saa elfu kumi na sita na kitu. Nikisikiliza saa mbili kila siku iliyojaaliwa, ni karibu miaka 23. Nikitoa miezi ya Ramadhani, ambayo nyumbani kwetu hatupigi muziki, inafika 25. Nitamaliza nikiwa na miaka 73, na hapo kaseti hata moja bado.

Hesabu ningeisahau, lakini siku hizi siwezi kusikiliza wimbo ukaisha. Naweka, unapiga kidogo, roho inaniuliza, na ule mwengine je? Nabonyeza. Ninachofanya hasa ni kupanga mafolda: wa Misri huku, wa Bombay kule, majina yaliyoandikwa vibaya nayasahihisha mpaka saa sita za usiku. Mke wangu kaniambia, "Mume wangu, wewe umekuwa karani wa muziki."

Sasa imefika harusi. Chumba cha uani chenye masanduku kinatakiwa, maana wageni kutoka Wete watalala humo. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam akaandika kwenye kundi la WhatsApp la familia: "Zitupeni hizo, kila kitu kipo YouTube." Nilikasirika nikatoka kwenye kundi, ikabidi dada anirudishe. Lakini nikikaa peke yangu najiuliza kama hana haki. Kaseti za baba nyingi sijawahi kuzipiga, naogopa mkanda usije ukakatika. Na upo mkoba wa ukili wa marehemu mama, nao una kaseti chache zisizo na maandishi yoyote. Huo sijaugusa.

Nikizitupa naona namtupa baba. Nikibaki nazo naona deni lisilolipika. Nishauri, Shangazi.

Mlinzi wa Masanduku, Mkunazini

*

Marahaba, mwanangu, na hongera za harusi. Mungu ajaalie iwe ya kheri.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kwa penseli. Diski ya binamu umeipa aya nzima na hesabu juu yake. Kaseti alizorekodi baba yako mwenyewe umezipa nusu sentensi, katikati ya za dukani. Mkoba wa mama umeutia mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja deni akiwa keshashika kitasa cha mlango. Mie diski nitaiweka mwisho, kwa sababu naona umezipanga hivyo kwa woga.

Tuanze na mdogo wako, maana yeye ndiye aliyekuchoma. Kasema kweli, lakini nusu. Kaseti ya Rafi iliyonunuliwa dukani, yenye karatasi ya rangi na picha ya filamu, ukiitupa leo dunia haitapungukiwa na kitu. Umm Kulthum hivyo hivyo. Hata taarab yetu, ile iliyotolewa kwa kuuzwa, sehemu kubwa unaipata: vikundi vya Unguja vilitolewa kwenye santuri na CD za kampuni ya Globestyle ya London kuanzia 1988, na Bi Kidude hana pa kupotelea. Hapo mdogo wako ana haki, na ungemjibu kwa upole badala ya kukimbia kundi.

Nusu ya pili ndiyo asiyoijua. Usiku ule baba yako alipoiweka redio kaseti karibu na jukwaa, hakuna mwengine aliyekuwa na mkanda ule. Mwimbaji aliongeza ubeti ambao hakuuimba tena. Mpiga fidla alikuwa hai. Nyuma ya wimbo zinasikika sauti za wanawake walioinuka kwenda kutunza, na mtu anakohoa, na huyo aliyekohoa huenda ni babu yako. Hicho hakipo YouTube. Usidhani basi kuna chombo kikubwa mahali fulani kimekuwekea. BBC yenyewe, pamoja na fedha zake zote, ilifuta vipindi vyake vingi ili mikanda itumike tena. Vilivyorudi, baadhi vilirudi kwa sababu mtazamaji mmoja alikuwa kavirekodi nyumbani kwake.

Kwa hiyo masanduku yako si mzigo mmoja, ni mizigo miwili iliyochanganywa. Mmoja ni muziki ulionao kama walivyonao watu wengine. Wa pili ni ambao pengine unao wewe tu. Huo wa kwanza huna deni nao hata senti. Wa pili ndio wenye kazi, na kazi yake si kubwa kama unavyoiogopa.

Siku ya mapumziko, wewe na mwanao mmoja mwenye macho mazuri, mwageni kaseti sakafuni juu ya mkeka mtenganishe. Za dukani mtazijua kwa karatasi yake ya kuchapwa. Alizorekodi baba zina mwandiko wa mkono, au hazina kitu. Ila angalieni: watu wa zama zake walikuwa wakirekodi juu ya kaseti ya dukani, wanaziba vile vitundu vya mgongoni kwa kipande cha selotepu au karatasi ili mashine ikubali. Kaseti ya Kihindi yenye selotepu mgongoni, itieni upande wa baba.

Halafu zitazameni kwenye kile kidirisha. Nyumba zetu za mawe na chokaa hunyonya unyevu, na chumba cha uani kikipita masika kadhaa bila kufunguliwa, ukungu lazima. Mkanda mzima unang'aa, rangi ya kahawa iliyokoza. Wenye ukungu utauona una vumbi jeupe pembeni mwa roli. Hizo usizipige kabisa, ziweke mbali na nyengine, maana ukungu utahamia kwenye mashine na kutoka hapo kwenye kaseti inayofuata. Zitafutie fundi baadaye.

Zilizo salama zina adabu zake. Kwanza vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki mgongoni kama bado vipo, au bandua hiyo selotepu, ili kidole cha mtu kisije kikafuta sauti ya baba yako kwa kubonyeza pasipo. Pili, mkanda uliokaa miaka bila kuchezwa umejibana. Uzungushe mpaka mwisho, urudishe mpaka mwanzo, ndipo upige. Kichwa cha mashine kipanguse kwa pamba na spiriti. Kaseti ikilia kwa mbali, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi, fungua uangalie kile kitambaa kidogo kinachosukuma mkanda kwenye kichwa: gundi yake hukauka, kikaanguka. Kaseti yenye skrubu huwa na tano. Unaifungua, unahamishia roli zote mbili kwenye ganda la kaseti ya Kihindi usiyoihitaji, unafunga. Hapo za dukani nazo zimepata kazi.

Na mkanda ukikatika? Unaungwa. Mafundi wa Darajani walikuwa wakiunga kila siku, tena kwa wembe na utepe, na kilichopotea kilikuwa nusu ya neno. Unachokiogopa wewe kimeshawahi kutokea mara elfu na muziki ukaendelea. Lakini kila masika yanayopita kaseti zikiwa sandukuni, ndiyo yanayokuharibia.

Sasa kuziingiza kwenye kompyuta. Unahitaji redio kaseti inayopiga sawasawa, waya wa kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta, na programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Mwambie kijana wako wa Darajani akuonyeshe, mara hii afanye kazi ya maana. Hizi za baba usizihifadhi kwa MP3. Zihifadhi kwa WAV, ambayo haikati sauti. Inakula kama megabaiti kumi kwa dakika, basi kaseti ya dakika 60 ni kama megabaiti 600, na kaseti mia moja ni kama gigabaiti 60. Utaniambia diski imejaa. Najua imejaa. Futa.

Naam, futa. Chukua zile nyimbo za lugha usiyoijua ambazo hujawahi kuzigusa, toa gigabaiti 60 ya hizo, umweke baba yako mahali pake. Binamu yako wa Muscat hatakuja kukagua.

Kopi ya pili ipeleke Dar es Salaam kwa mdogo wako. Diski hufa bila kuaga, na kitu kilichopo pahala pamoja ni kama hakipo. Tena yule aliyesema zitupwe, akisikia sauti ya baba yake ikihesabu "moja, mbili" kabla ya wimbo, utaona ataandika nini kwenye hilo kundi.

Kuna jambo moja ambalo mashine hailiwezi. Kaseti ikipiga, andika: nani anaimba, nani kwenye udi, harusi ya nani, mtaa gani, mwaka gani kwa kukisia. Wewe hutajua. Watakaojua ni wazee wa rika la baba, waliobaki. Wachukulie redio kaseti nyumbani kwao baada ya Alasiri, wapigie, ukae na kalamu. Nenda na kahawa. Mmoja atasema ni wa kikundi cha Malindi, mwengine atabisha kwamba mpiga kanuni yule alikuwa hajajiunga bado, na katika kubishana kwao ndimo mtapata mwaka. Hili ndilo la kwanza kwa haraka, kabla hata ya waya na kompyuta.

Nije kwenye mkoba wa mama. Nadhani hukuugusa kwa sababu fulani, na mie nakusifu. Wanawake wa umri wa mama yako walirekodi mambo yao: kasida, maulidi, salamu za jamaa walioko Uarabuni, na wengine walirekodi ngoma za ndani. Unyago hauimbwi mbele ya wanaume. Mwanamme hausikii, hata kama mwenye kaseti ni mama yake. Basi huo mkoba mpe mkeo na dada yako. Wakae chumbani wasikilize wao kwanza, walichoona ni chako watakupa, na kisichokuwa chako usiulize. Na lolote litakalotoka humo lisipandishwe mtandaoni bila wenyewe kuulizwa. Hao walioimba waliimba mlango umefungwa.

Nadhani pia mkeo akipewa kazi hii, neno la ukarani litapungua.

Umebaki wewe na masikio yako. Unasema huwezi kusikiliza wimbo ukaisha, unabonyeza baada ya dakika. Mwanangu, taarab gani inayosikilizwa kwa dakika moja? Ile yetu ya asili, dakika ya kwanza mwimbaji bado amekaa kitini. Fidla zinaulizana na kanuni, udi unajibu, dumbaki haina haraka, na yeye anatengeneza buibui lake. Unaposema "na ule mwengine je", hata huu hujauanza. Kwa Umm Kulthum ndiyo zaidi: wimbo wake wa ukumbini uliweza kufika saa nzima, na ala peke yake zikatangulia dakika kadhaa. Alikuwa akiimba Alhamisi ya kwanza ya mwezi, Radio Cairo inarusha, na watu wa nchi nyingi wanasubiri. Wakisikia mstari uliowaingia walipiga kelele arudie, akaurudia, wakataka tena, akaurudia kwa njia nyengine. Mstari mmoja! Wewe unapita juu ya maelfu.

Na kwetu sikuzote ilikuwa hivyo. Siti binti Saad na wenzake walipovuka kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu na kidogo. Gramafoni ilizungushwa kwa mkono, na sindano ya chuma ilitakiwa ibadilishwe karibu kila upande. Aliyetaka wimbo alisimama, akazungusha, akatia sindano mpya, ndipo akakaa. Nyumba yenye santuri kumi ilihesabiwa ina mali, na santuri hizo kumi watu walizijua mpaka mikwaruzo yake. Hakuna aliyeona deni, kwa sababu hakuna aliyedhani kazi yake ni kuumaliza muziki. Kisima cha mtaa nacho hakuna aliyewahi kukaa usiku akipiga hesabu atakimaliza lini. Kila mtu huja na ndoo yake akachota.

Basi diski iache ikae. Usiipange. Majina yaliyoandikwa vibaya yabaki vibaya. Chagua kaseti moja, moja tu, iwe ndani ya redio wiki nzima. Simu iwe chumba chengine, maana ndiyo inayokufundisha kubonyeza. Upande wa kwanza jioni hii, na kesho upande ule ule. Redio kaseti ina fadhila hii moja ambayo flashi haina, kwamba kuruka wimbo ni tabu, mpaka uzungushe, usimame, ubahatishe. Tabu hiyo ndiyo dawa yako. Siku chache za mwanzo utawashwa. Kaa hivyo hivyo. Ukishajua mstari unaokuja kabla haujaja, umepona.

Kwa kijana wa Darajani, mwambie kwamba kuanzia sasa unachukua wimbo ule tu ulioukuta mahali ukausikia na ukautaka. Hata kama ni mipasho ya miaka ya tisini, ambayo mie binafsi sina hamu nayo, ila nimeona watu wazima wakiinuka na noti mkononi. Ukiutaka wewe, chukua. Kujaziwa flashi basi.

Masanduku ya chumba cha uani yatoke kabla ya Ramadhani, usingoje wiki ya harusi, maana hapo atakayeyatoa hatakuwa wewe na hatachagua. Za baba ziingie kwenye kabati moja ndani, zisimamishwe kama vitabu, mbali na ukuta wa nje, mbali na spika kubwa maana ina sumaku. Santuri nazo zisimame, zisilaliane, zitapinda. Za dukani, bakisha zile unazozipenda kwa kweli na zilizobaki gawa. Kipo chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi hapa mjini, kimesomesha vijana udi na kanuni tangu 2002. Kawaulize kama wana haja, lakini uulize kwanza, usishushe masanduku mlangoni mwa watu. Kopi za baba zikishakuwa na majina na miaka, wapelekee habari na watu wa Nyaraka, wanaohifadhi kumbukumbu za nchi, kule Kilimani, wakuambie wanapokea nini na kwa masharti gani. Na mambo ya kupandisha mtandaoni yasubiri mpaka umezungumza na vikundi wenyewe, au na watoto wa waimbaji.

Na siku ya harusi kila mgeni atainua simu. Waache, furaha ni yao. Lakini wewe mteue mtu mmoja, mwanao yule mwenye macho mazuri, akae karibu na wapigaji na chombo kimoja kizuri, arekodi taarab kuanzia ala ya mwanzo mpaka mwisho bila kukata. Usiku huo huo, kabla hajalala, aliandikie faili jina: nani kaimba, nani kapiga, harusi ya nani, tarehe.

Shangazi yako